Nyumba Ndogo Uani kwa Barafu

Mtu aliyetaka kusikia habari za mtaa ule kabla hazijatokea alikwenda barabara ya nyuma, penye ubao mrefu uliowahi kuwa ubavu wa lori. Ubao ulikuwa umelazwa juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa uani kwa Barafu, na uling'aa kwa kukaliwa. Saa kumi jioni, kivuli cha ukuta kilipofika katikati ya barabara, Bi Birika alitua hapo na jiko lake la mkaa na vikombe kumi na viwili, na wenyewe wakaanza kuingia. Kushoto alikaa fundi viatu waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kulia alikaa Wakili, ambaye hakusoma sheria hata siku moja, ila alifagia mahakama na kufungua milango yake kwa miaka ishirini, na sheria zikamwingia kama vumbi. Zege, fundi mwashi, alikaa popote palipobaki nafasi, maana yeye alikuja kunywa kahawa, si kuongea. Katikati palikuwa pa Barafu, fundi wa majokofu, mtu mpole, mikono yake baridi hata wakati wa jua kali.

Jumatatu moja lori lilirudi nyuma hadi karibu na ubao, likamwaga mchanga, likaondoka.

— Barafu, huo mchanga wa nini? akauliza Redio.

— Najenga.

— Unajenga nini, na nyumba unayo?

— Nyumba ndogo. Huku huku uani.

Barafu hakulisikia neno lililomtoka. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye nondo, kama ziletwe kesho au keshokutwa. Alipoinua macho kutoka kwenye kikombe aliona kwamba hakuna mwingine anayekunywa.

— Hebu rudia, akasema Redio.

— Nyumba ndogo. Chumba, sebule, jiko la kona na choo.

— Uani?

— Uani.

— Na mkeo yupo?

— Aende wapi?

Wakili alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha machoni apate kumwona vizuri mtu huyu.

— Mimi nimekaa mahakamani miaka ishirini, akasema. — Nimeona wenye nyumba ndogo mtaa wa pili. Nimeona wa mji wa pili. Sijapata kumwona mtu anayeileta nyumba ndogo mpaka kwenye kamba ya nguo za mkewe.

— Tunamwita Barafu kwa makosa, akasema Bi Birika. — Huyu ni moto.

— Na jiko lake kabisa! Redio alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. — Zege, na wewe umekubali kuijenga?

— Mimi najenga ninachoambiwa, akasema Zege, akanywa.

Hapo ndipo Barafu alipoelewa. Masikio yakamwaka. Akafungua mdomo ajieleze, akapata kigugumizi, na kabla hajapata pa kuanzia sauti ya kike ikaja kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti ya mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amewafundisha watoto wa karibu kila nyumba, na ambaye saa ile alikuwa anaanua nguo.

— Hiyo nyumba ndogo ni wazo langu mimi! Na rangi nimeshaichagua!

Kahawa ikamtokea Redio puani.

— Ni ya mama mkwe wangu, sauti ikaendelea. — Na wewe Redio, viatu vyangu vina wiki tatu kwako. Ukimaliza kushika kichwa, shika sindano.

Kijiwe kilicheka mpaka Bi Birika akalazimika kuinua birika juu lisipinduliwe. Barafu alicheka nao, machozi yakamtoka, na hakuna aliyeweza kujua kwamba si yote yalikuwa ya kicheko.

Mama yake Barafu aliishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kustaafu alitembea kama mtu anayeitwa na kengele. Msimu wa mvua uliopita aliteleza bafuni asubuhi, akavunjika kifundo cha mkono, akalala pale sakafuni hadi jirani alipokuja kuazima pasi alasiri. Yeye alimsimulia mwanawe kwa simu kama kichekesho: jinsi alivyohesabu vigae vya ukutani, akafika mia moja na kumi, akavipenda viwili. Barafu alicheka kwenye simu. Kisha akakata, akakaa juu ya jokofu la mteja lililokuwa limelala chini, akashindwa kunyanyuka. Mwalimu alimkuta hapo.

Mara mbili walimchukua akae nao. Mara ya kwanza alikaa siku tisa, mara ya pili sita, bila kutoka nje ya geti. Hakugombana na mtu. Alikunja tu nguo zake, akasema, "Kwenu nimelishwa vizuri, nimelazwa vizuri. Lakini nakaa kama mzigo uliosahauliwa stendi, kila anayepita ananiangalia kama bado nipo." Akapanda basi.

Ndipo Mwalimu akasema: asikae kwetu, akae kwake, ila kwake kuwe uani kwetu.

Barafu aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alikata kibali cha ujenzi, akakirudisha nyumbani ndani ya bahasha mbili. Alichora nyumba nzima uani kwa chaki, kwa vipimo vyake kamili, mgongo wake ukigusa ukuta wa nyuma, akalala chali ndani ya kitanda cha chaki kuona jua la asubuhi lingempiga wapi mama. Alifumba macho, akatembea kutoka kitandani kwenda chooni akihesabu hatua. Alimwambia Zege milango iwe mipana, kizingiti kisiwepo kabisa, choo kiwe na vyuma vya kushikia pande zote mbili, na swichi za taa zisiwe juu ya bega la mtu mfupi.

— Dirisha hili nalo lishuke, akasema. — Mtu akiwa amekaa aone nje.

— Aone nini? akauliza Zege, jambo ambalo kwake lilikuwa hotuba.

— Atuone sisi tukipika.

Zege akashusha dirisha.

Kijiweni nako ujenzi uliendelea kwa kasi kuliko uani. Kila Barafu alipozunguka kona kuja kunywa kahawa, alikuta nyumba ya mama yake imeshaongezwa kitu.

— Mimi naona hivi, akasema Redio siku msingi ulipokauka. — Mlango uangaliane na jiko la Mwalimu. Uso kwa uso. Mama akitia mguu nje, anaonekana. Akitia mguu ndani, anaonekana.

— Tayari uko hivyo, akasema Barafu.

— Basi weka na kengele. Aivae mkononi.

— Kengele peke yake haina nguvu kisheria, akasema Wakili. — Sheria inasema mzazi aliye uani anahesabika yuko chini ya uangalizi wa dirisha.

— Sheria gani hiyo? akauliza Redio.

— Ya madirisha.

Wiki iliyofuata kuta zilifika kifuani.

— Nimefikiri, akasema Redio, naye alipofikiri watu walishika vikombe vyao vizuri. — Mama huyu ana tabia ya kuondoka. Sasa usijenge nyumba ya kukaa mahali pamoja. Iweke magurudumu. Akikasirika Jumatano, mnaisukuma mpaka ile kona yenye mpapai. Ataona amesafiri.

— Magurudumu yataharibu msingi, akasema Zege.

— Msingi wa nini tena, na kuna magurudumu?

— Afadhali njia ya chini kwa chini, Wakili akasema, akichora mavumbini kwa fimbo. — Inaanzia uvunguni kwa Barafu, inatokea uvunguni kwa mama. Akikohoa tu, mwanawe huyo kaibuka.

— Akiibuka uvunguni, mama atakufa kwa mshtuko, si kwa kikohozi, akasema Redio.

— Basi aibuke kabatini.

Bi Birika alikuwa anasuuza vikombe, hakuinua uso.

— Si mngemtia tu kwenye jokofu la mwanawe, akasema. — Hapo angalau hatoharibika.

Wakacheka, na Barafu naye akacheka, lakini maneno yale yalimchoma. Usiku aliyarudia kwa Mwalimu. Mwalimu akasema labda wangempigia mama simu wamweleze mpango mzima. Barafu akakataa. Alitaka iwe zawadi. Alitaka mama aje aikute imekwisha, imepakwa rangi ya manjano, asipate nafasi ya kusema hapana.

Lakini Mwalimu alikuwa na namba ya simu ya mama mkwe wake, na ulimi wa kuitumia.

Alhamisi ile Zege alikuwa juu ya jukwaa la mbao, anamalizia matofali ya mwisho juu ya lenta ya milango na madirisha. Barafu alikuwa amemsaidia kupandisha udongo tangu mchana. Saa kumi na robo alinawa mikono, akatoka geti la mbele, akazunguka kona kwenda kijiweni. Akaganda pale pale konani.

Mahali pake, katikati ya ubao, alikuwa amekaa mama yake.

Alikuwa amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi, mkoba mapajani, mwavuli kati ya magoti, kikombe cha kahawa mkononi. Mkono uliovunjika ulikuwa umepona ila umepinda kidogo. Begi lake lilikuwa juu ya lundo la mchanga. Dereva wa teksi aliambiwa atafute nyumba yenye mchanga nje, naye akatafuta mchanga, akamshusha barabara ya nyuma. Watu wa kijiweni walimsogezea nafasi kama wanavyomsogezea mgeni yeyote, na Redio alikuwa amekwisha kuwashwa.

— Unasikia, mama, hapa nyuma yetu kuna mtu anamjengea mama yake, Redio alikuwa anamwambia. — Bibi mmoja mkaidi sana.

— Mkaidi?

— Haambiliki! Alianguka bafuni, bado anataka kukaa peke yake. Sasa sisi tumeketi kama kamati. Mlango utaangalia jiko la mkwewe. Kengele atavaa mkono huu. Mimi nimependekeza magurudumu, huyu mwenzangu kapendekeza shimo.

— Njia, akasema Wakili. — Njia ya chini kwa chini. Shimo ni neno la mtaani.

Barafu alitaka kupiga kelele. Mama yake akamwona. Hakushtuka, aliinua kidole kimoja juu ya kikombe, kile kile alichowahi kukiinua wodini baba wa mtoto alipotaka kuingia kabla ya wakati. Barafu akanyamaza, miaka yake hamsini na mitatu yote ikamshuka miguuni.

— Mmefikiri mengi, akasema mama.

— Tumejitahidi.

— Chakula je?

— Ataletewa.

— Nguo?

— Zitafuliwa na za wenzake.

— Na huyo bibi, akipata mgeni, mgeni atapita wapi?

Redio alifungua mdomo. Haikutoka sauti. Hilo lilikuwa jambo geni mpaka Bi Birika akageuka kumtazama.

— Mgeni? akasema Redio hatimaye. — Wa mwanawe?

— Nimesema wake.

— Atapita... si geti la mbele?

— Halafu?

— Halafu apite sebuleni kwa... hapana. Apite ubavuni, kwenye dirisha la chumba cha... Wakili, mgeni anapita wapi?

Wakili alitazama mavumbini ambako njia yake ya chini kwa chini bado ilikuwa imechorwa. Haikuwa na pa kutokea nje. Akaifuta kwa kiatu. Juu ya ukuta kichwa cha Zege kilikuwa kimechomoza, mwiko mkononi, udongo unadondoka, na macho yake nayo yalikuwa yanahesabu: kulia jirani, kushoto jirani, mbele nyumba kubwa.

— Mama, akasema Barafu kutoka konani.

Macho yalimtoka Redio. Aliutazama uso wa Barafu, akautazama wa yule mgeni aliyekaa kando yake, akaona pua ni moja. Akatafuta mahali pa kukiweka kikombe, akakosa, akakishika.

— Shikamoo, mama, akasema kwa sauti ndogo sana.

— Marahaba. Endelea na magurudumu.

Barafu alikuja akachutama mbele ya mama yake, mikono yake baridi ikashika ule uliopinda.

— Nimeweka vyuma chooni, akasema. — Kizingiti hakuna. Dirisha limeshushwa. Nilitaka usianguke tena.

— Mwalimu kaniambia yote. Nimesikia hata habari ya kitanda cha chaki. Mama alimgusa shavuni, halafu akauondoa mkono. — Umenijengea vizuri, mwanangu. Lakini umenijengea wodi. Najua wodi, nimekaa humo miaka thelathini na mmoja. Anayeingia anaonekana, anayetoka anaulizwa. Mimi nitaanguka siku moja, kwako au kwangu. Nikipata mlango wangu wa barabarani, nakaa. Nisipopata, basi la saa kumi na mbili bado nalikuta.

Barafu aliutazama ukuta. Alijua jibu, na aliona kwamba wote wanalijua na kila mmoja anaangalia kwingine. Mlango ungeweza kutoka mahali pamoja tu: katikati ya ukuta wa nyuma, pale pale penye ubao.

— Miaka kumi na minne, akasema Wakili taratibu. — Tumekaa hapa miaka kumi na minne. Kuna haki ya mkaaji. Na ng'ambo kule jua la jioni linapiga usoni mpaka linazama.

Hakuna aliyemcheka. Ilikuwa kweli, na ubao ule kwa baadhi yao ulikuwa ndio mahali pekee walipongojwa. Barafu naye hakuthubutu kuwaomba. Akabaki amechutama katikati yao na mama yake, hajui amgeukie nani.

Aliyesimama alikuwa Redio. Alikunywa kahawa yake yote kwa mara moja, akamrudishia Bi Birika kikombe, akaenda ncha ya ubao.

— Mama, nyanyuka kidogo, tafadhali, akasema. — Wakili, shika huko. Haki yako utaibeba upande mmoja na mimi upande mwingine.

Wakaubeba. Wakauvusha barabara na Bi Birika nyuma yao na jiko lake, wakautua ng'ambo, jua likawapiga usoni wote wakakunja nyuso kama watu walioonja ndimu. Zege hakuteremka kuja kunywa. Aliita nyundo, akaanza kugonga ukuta kutokea ndani, na tofali la kwanza lilipoangukia barabarani, mama yake Barafu alisogeza begi lake lisije likaingia vumbi, akasema basi la saa kumi na mbili liende tu.

Nyumba ilikwisha baada ya wiki saba. Ilikuwa ya manjano, ndogo kama mkate, na mlango wake wa chuma ulifungukia barabarani, mpana, bila kizingiti. Kijiwe kilifunga turubai juu ya ubao, na Redio aliwaambia wapita njia kwamba siku zote alipendelea upande ule, una hewa.

Jumamosi ya pili tangu mama ahamie, teksi ilisimama mbele ya mlango wa chuma. Wakateremka mabibi watatu, wanashikana mikono, mmoja na fimbo, mmoja na chupa ya chai, wa tatu na pakiti ya karata. Walikuwa wauguzi wenzake wa zamani. Wakagonga, wakafunguliwa, mlango ukafungwa. Baada ya muda kidogo kilisikika kicheko kutoka ndani, kikubwa, cha watu wanne walioona kila kitu duniani kikizaliwa. Kikatulia, kikaanza tena.

Kijiweni mazungumzo yalikatika.

— Wanacheka nini? akauliza Redio.

— Nyamaza tusikie, akasema Wakili.

Hawakusikia kitu, ila karata zinapigwa mezani na mtu anaambiwa ameiba. Barafu alivumilia vikombe viwili. Kisha akasimama, akavuka barabara, akagonga kwa kidole kimoja.

— Hodi. Mama, hamhitaji chochote? Maji? Niwaletee viti?

Mlango ulifunguka kiasi cha uso. Mama alikuwa ameshika karata zake kifuani asije mtu akazichungulia, na macho yake yalikuwa na machozi ya kucheka.

— Nina wageni, akasema. — Njoo kesho.

Akafunga.

Barafu alisimama akiutazama mlango ule, akageuka, akavuka barabara polepole na jua lote mgongoni.

— Vipi? akauliza Bi Birika.

— Nimefukuzwa, akasema Barafu, meno yote nje, akakaa, akanyoosha mkono kuomba kikombe cha tatu.